Anza na mwani, dubu atafuata

Mpe mtoto wa miaka mitano kitabu chenye picha za wanyama wa kwenye barafu, uone atakwenda kwa nani. Atakwenda kwa dubu mweupe. Atamwekea kidole, atanguruma kidogo, kisha atauliza: "Huyu anakula nini?" Anakula sili, utamjibu. "Na sili je?" Samaki. "Na samaki?" Samaki wadogo zaidi. "Na hao wadogo?" Hapo wengi wetu hugeuza ukurasa.

Nafundisha darasa la PP2, yaani mwaka wa pili wa chekechea, huku Pwani ya Kenya, na kwa miaka kadhaa nilikuwa nikigeuza ukurasa vivyo hivyo. Nilidhani swali limekuwa refu mno kwa mtoto. Kumbe mtoto alikuwa amekaribia penyewe, na mimi ndiye niliyekuwa nikimrudisha nyuma. Siku hizi nimelipindua somo zima. Naanzia kule chini nilikokuwa nikikukwepa, na dubu namwacha aje wa mwisho.

Kwanza mahali penyewe. Aktiki ni eneo linaloizunguka Ncha ya Kaskazini, na katikati yake hakuna nchi kavu. Kuna bahari ya kilomita za mraba kama milioni 14, ambayo uso wake huganda, na pembeni yake zimekaa Urusi, Kanada, Greenland, Norwei na Alaska ya Marekani. Watu wazima wengi hawalijui hili. Wanadhani dubu anatembea juu ya mlima mkubwa wa barafu.

Watoto wangu hawajawahi kuona theluji. Barafu wanaijua: ile ya ukwaju wanayonunua wakitoka shule, na ile inayopondwa na kumwagwa juu ya samaki sokoni. Hiyo inatosha kuanzia. Natia kipande kikubwa cha barafu kwenye beseni la maji, juu yake naweka dubu wa plastiki, kisha tunatazama bila haraka. Barafu inaelea. Dubu yuko juu ya bahari, chini ya nyayo zake kuna maji, na ndani ya maji kuna viumbe. Picha hiyo isipokaa kichwani, mnyororo wa chakula wa Aktiki haueleweki, kwa sababu karibu kila anachokula dubu kinatoka upande wa pili wa ile barafu.

Siku hiyo hiyo ya kwanza, mwondoe pengwini. Vitabu vingi vya watoto humchora amesimama bega kwa bega na dubu mweupe, ilhali hao wawili hawakutani. Pengwini ni ndege wa upande wa kusini wa dunia. Hata Afrika Kusini wapo, karibu na Cape Town. Dubu mweupe ni wa kaskazini tu. Mtoto akishamlisha dubu pengwini kichwani mwake, kumtoa hapo ni kazi ya wiki nzima.

Baada ya mahali, jua. Hapa kwetu jua huchomoza saa kumi na mbili au karibu yake, na hutua saa kumi na mbili au karibu yake, Januari mpaka Desemba. Kule juu kabisa mambo si hivyo. Katikati ya kiangazi chao jua halitui, linazunguka tu angani. Katikati ya majira yao ya baridi halichomozi. Nilipolisema hili darasani, msichana mmoja aliuliza swali ambalo sikulitarajia: "Sasa wanafuturu saa ngapi?" Ni swali la haki kabisa, na lina jibu: Waislamu wanaoishi huko wengi hufuata saa za Makka, au za mji wa karibu wenye usiku na mchana. Tangu siku hiyo silifundishi jua la Aktiki bila swali lake, kwa kuwa ndilo linalowafanya wenzake waelewe kwamba jambo hili ni la kweli na linawagusa watu wa kweli.

Jua hilo ndilo mwanzo wa chakula chote. Kuanzia mwezi wa tatu, mwanga unaporudi, sehemu yake hupenya barafu. Upande wa chini wa barafu, pale panapogusana na maji, huota mwani. Si mwani ule unaoanikwa Kibuyuni au Zanzibar. Huu ni wa chembe moja moja, usioonekana kwa macho ukiwa peke yake, lakini ukiwa mwingi huipaka barafu rangi ya kahawia kwa chini. Mtoto wa bara, ambaye hajui mwani, mwambie ni majani madogo mno ya baharini yanayopika chakula chao kwa mwanga, kama mahindi ya shambani yanavyofanya.

Mwani huo huliwa na kopepodi, kiumbe wa majini wa ukoo mmoja na kamba, mdogo kama punje ya mchele au chini ya hapo. Kopepodi wa Aktiki wana tabia moja muhimu: wakati wa chakula tele hujijaza mafuta mwilini, na baridi ikiingia hushuka kilindini na kuishi kwa akiba hiyo. Mafuta hayo ndiyo utajiri wa bahari ile. Samaki wadogo wembamba wanaojificha chini ya barafu huwala kopepodi, mafuta yakahamia kwao. Sili huwala samaki, mafuta yakawa shahamu chini ya ngozi ya sili. Dubu humla sili, na akiwa na nafasi ya kuchagua hula shahamu kwanza, nyama huachia wengine. Ukiyafuata mafuta tangu mwanzo, mnyororo wote unajieleza wenyewe, na mtoto hahitaji kukariri majina.

Kinachowatatiza watoto, na walimu wao pia, ni mshale. Mwambie mtu achore mshale kati ya dubu na sili, tisa kwa kumi wataanzia kwa dubu kwenda kwa sili, kwa sababu dubu ndiye anayemwendea. Mshale wa mnyororo wa chakula unakwenda kinyume chake. Unatoka kwa anayeliwa na kuingia kwa anayekula, maana unachoonyesha ni njia ya chakula, si njia ya mwindaji. Nawaambia hivi: "Mshale ni tonge. Linatoka wapi, linaingia tumbo la nani?" Wakilishika neno tonge, hawakosei tena.

Watoto wa Pwani wana msaada mwingine hapa. Wengi wamesimuliwa na bibi zao hadithi ya mwalimu Goso, aliyeangukiwa na buyu, na wanafunzi wake wakaenda kumtafuta aliyeliangusha. Upepo wa kusi unasema kama ungekuwa na nguvu usingezuiwa na kiambaza. Kiambaza kinasema kama kingekuwa na nguvu kisingetobolewa na panya. Panya anamtaja paka, na kuendelea. Mtoto aliyeizoea hadithi hiyo tayari ana sikio la mnyororo. Naitumia kama mlango, kisha naonyesha tofauti: kwenye Goso tunamtafuta mwenye nguvu, kwenye Aktiki tunalifuata tonge. Aliye mwisho wa mnyororo wa chakula ndiye anayewahitaji wote waliomtangulia.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini niende mbali kote huko wakati msitu wa Arabuko-Sokoke uko hapa karibu. Sababu ni uchache. Msitu wetu una ndege, wadudu na miti ya aina nyingi mno. Ukianza kuchora nani anamla nani, karatasi inajaa kabla hujafika popote. Aktiki viumbe ni wa aina chache, kwa hiyo uzi unaonekana. Hata sayansi yenyewe ilifaidika hivyo. Mwaka 1921 Charles Elton, kijana Mwingereza aliyekuwa bado mwanafunzi Oxford, alikwenda na msafara wa chuo chake hadi Spitsbergen, kaskazini ya mbali ya Norwei. Mwaka 1923 yeye na mtaalamu wa mimea Victor Summerhayes walichapisha mchoro wa nani anamla nani katika kisiwa cha Bjørnøya, jina ambalo maana yake ni Kisiwa cha Dubu. Mwaka 1927 Elton akalieleza kwa upana wazo la mnyororo wa chakula, pamoja na kanuni kwamba wanyama walio juu ya mnyororo huwa wachache kuliko walio chini. Wazo tunalolifundisha leo kila mahali lilipata nguvu kutokana na mahali ambapo mtu aliweza kuwahesabu walaji kwa vidole.

Kanuni hiyo ya uchache ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na tunaifanya kwa mchele. Watoto watano wanasimama mstari. Wa kwanza ni mwani, ameshika beseni limejaa. Anamgawia kopepodi kikombe kimoja tu. Kopepodi anampa samaki kijiko. Samaki anampa sili punje chache. Sili anamwekea dubu kiganjani punje moja. Mwaka jana mvulana aliyekuwa dubu, tena ndiye mkubwa kuliko wote darasani, aliitazama ile punje, akanitazama mimi, akasema, "Mwalimu, mimi sijashiba." Darasa zima lilinyamaza. Nilikuwa nimelieleza jambo hilo kwa dakika kumi na halikuwaingia, liliwaingia pale.

Mchele mwingine umekwenda wapi? Waulize wao kwanza. Samaki ameogelea siku nzima, sili amejipasha joto kwenye maji ya baridi kali, wote wameenda haja, na wengine wamekufa bila kuliwa wakazama chini. Wanasayansi hukadiria kwamba kutoka hatua moja hadi nyingine hupita kama sehemu moja tu katika kumi. Ni kadirio la jumla, lakini ukilifuata katika mnyororo wetu wa hatua tano, kilo 1 ya mwili wa dubu inasimama juu ya kilo 10,000 hivi za mwani. Ndiyo maana dubu weupe wote wa dunia wanakadiriwa kuwa 26,000 tu.

Shahamu nayo ishikwe kwa mkono. Chukua mifuko miwili ya plastiki, mmoja upake mafuta ya kupikia ya mgando kwa ndani, kisha utie mfuko wa pili ndani yake ili mafuta yabaki katikati. Mtoto aingize mkono mmoja kwenye mfuko huo, mkono wa pili uwe mtupu, atumbukize yote miwili kwenye maji ya barafu. Mkono mtupu hautakaa. Ule wa mafuta utatulia, na utaona uso wa mtoto ukibadilika. Hapo ndipo unapomweleza kwamba dubu ana mafuta chini ya ngozi yanayoweza kufika unene wa sentimita 10, kwamba ngozi yake chini ya manyoya ni nyeusi, na kwamba manyoya yenyewe hayana rangi, tunayaona meupe kwa jinsi yanavyotawanya mwanga.

Swali gumu halihusu sayansi. Kila mwaka yuko mtoto anayelia kwa ajili ya sili, na kila mwaka yuko anayesema dubu ni mbaya. Sipendi jibu la kuficha, la kusema dubu anacheza na sili. Mtoto akija kuujua ukweli atajua pia kwamba ulimdanganya. Nasimulia habari ya mama wawili. Mama dubu huchimba pango kwenye theluji, na katikati ya giza la majira ya baridi huzaa, mara nyingi mapacha. Kitoto kikizaliwa kina uzito wa nusu kilo na kidogo, kama mfuko mdogo wa sukari. Mama hukaa humo miezi bila kula, akinyonyesha kwa akiba ya mwili wake. Akitoka mwezi wa tatu au wa nne amekonda sana. Wakati huo huo, chini ya theluji iliyo juu ya bahari, mama sili naye amejifungua. Yeye huweka tundu kwenye barafu la kupumulia, analilinda lisizibe kwa kulikwangua na kucha zake, na juu yake hutengeneza chumba cha theluji cha kumficha mtoto. Mama dubu huja akinusa. Mara nyingi hukosa. Akipata, watoto wake wataishi. Nikimaliza simwambii mtoto amwonee huruma nani. Wengine huwahurumia wote wawili, na hilo linawezekana kabisa.

Mnyororo mmoja ukishakaa, fungua wavu. Kwenye jarife la mvuvi kila fundo limeshikwa na nyuzi kadhaa, na ndivyo viumbe walivyoshikana. Mbweha wa Aktiki humfuata dubu kwa mbali ale mabaki. Walrasi, yule mnyama mzito mwenye masharubu na meno mawili marefu kama pembe, hupekua chaza chini ya bahari. Nyangumi mkubwa wa Aktiki, anayeweza kuishi zaidi ya miaka 200, haungoji mnyororo mrefu: hufungua kinywa na kuchuja kopepodi wenyewe. Mnyama mkubwa namna ile anakula kijidudu cha ukubwa wa punje! Watoto hulipenda hili, na linavunja ile imani kwamba mkubwa lazima ale mkubwa.

Na watu wamo. Wainuit wa Greenland, Kanada na Alaska wameishi ndani ya wavu huo kizazi baada ya kizazi, kwa nyama ya sili, ya nyangumi na ya kulungu wa kaskazini. Mahali pasipoota michungwa wala mchicha, ngozi ya nyangumi pamoja na shahamu yake imewapatia vitamini C. Lisemwe kwa heshima, kama tunavyotaka dagaa na muhogo wetu visemwe.

Kuhusu barafu kupungua, maoni yangu ni kwamba mtoto wa miaka mitano aambiwe ukweli mfupi, bila picha za dubu waliobaki mifupa. Barafu ya baharini inapungua kwa sababu dunia inapata joto, na dubu anaihitaji ili amfikie sili. Inatosha. Mzazi ndiye anayehitaji takwimu: mwezi wa Septemba, barafu inapokuwa kidogo kuliko wakati wowote wa mwaka, miaka ya 1980 ilikuwa ikibaki kama kilomita za mraba milioni 7, mwaka 2012 ilishuka hadi karibu milioni 3.4, kiwango cha chini kuliko vyote vilivyowahi kupimwa kwa setilaiti. Tangu 1979 Aktiki imepata joto karibu mara nne ya wastani wa dunia. Na kwa kuwa mwani wa mwanzo huota kwenye barafu yenyewe, mguso haumpati dubu peke yake. Unaanzia kwenye beseni la mchele.

Hadi hapa mtu anaweza kudhani yote haya ni ya mbali. Kwa hiyo somo la mwisho tunalifanyia Mida, kwenye hori lile karibu na Watamu, juu ya daraja la mbao linalopita kati ya mikoko. Maji yakipwa, tope linajaa vitwitwi, wale ndege wadogo wa ufukoni. Mmoja wao ana mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini, na uzito wake ni gramu 60 hivi. Huyu hutaga mayai kwenye nyika za Aktiki za Siberia, upande wa Rasi ya Taymyr, kisha husafiri zaidi ya kilomita 8,000 kuja kula vijidudu vya tope letu. Hapa huwa wa kijivu. Mwezi wa nne, akikaribia kuondoka, kifua chake huanza kugeuka rangi ya udongo mwekundu.

Usalama wa vifaranga vyake unategemea mnyama ambaye hajawahi kukutana na mwanadarasa wangu yeyote: lemingi, panya mnene mwenye mkia mfupi. Idadi ya lemingi hupanda sana na kuporomoka, mara nyingi kila baada ya miaka 3 au 4. Lemingi wakiwa wengi, mbweha na bundi weupe wanashiba, na vitwitwi wanalea kwa amani. Lemingi wakiporomoka, mbweha wale wale wanageukia mayai na vifaranga. Watafiti waliofuatilia ndege hawa hadi Afrika Kusini waliona kwamba baada ya mwaka mbaya wa lemingi, ndege wachanga wanaofika huku huwa wachache sana. Ndege mchanga unaweza kumtambua: manyoya ya mgongoni yana kingo nyeupe, kama magamba ya samaki.

Oktoba iliyopita tulikuwa na darubini moja, ikipita mkono kwa mkono. Kazi ilikuwa kutafuta wenye magamba mgongoni. Walipatikana wachache, na zamu ilipomfikia yule mvulana wa punje moja ya mchele, alitazama kwa muda mrefu bila kuachia, mpaka wenzake wakaanza kulalamika. Kisha aliniuliza kwa sauti ya chini kama panya wa kule mwaka huu walikuwa wachache. Nilimwambia huenda ni hivyo. Akarudisha jicho kwenye darubini, nasi tukaendelea kuhesabu mpaka maji yalipoanza kujaa.